Gugu la Serikali

Ilikuwapo, na kwa bahati mbaya bado ipo, nchi moja ambayo wimbo wake wa taifa ni mrefu kuliko barabara zake za lami. Jina lake silitaji. Wenyewe wakisikia watajijua, na wasiojijua watauliza jirani. Katika nchi hiyo mlikuwa na mji mdogo uitwao Chanikiwiti, wenye mto mmoja, soko moja, mzunguko mmoja wa barabara ambao hakuna aliyejua unazungukwa kwa nini, na Mstahiki Meya mmoja aliyejitosheleza.

Siku moja zikaja habari kwamba Mtukufu Kiongozi wa Taifa atapita Chanikiwiti. Siyo kwamba atafika. Atapita tu, akielekea mji mwingine wenye uwanja wa ndege. Lakini kupitwa na mkubwa nako ni heshima, na Mstahiki Meya hakukubali heshima hiyo imkute na barabara kavu. Akaagiza kutoka ng'ambo ua ambalo, kwa maelezo ya walioliuza, humea upesi, halichagui udongo na halina haja ya maji. Likapandwa kando ya barabara yote, likapewa jina rasmi: Ua la Mapokezi. Mtukufu akapita. Vioo vya gari vilikuwa vimefungwa, na wanaojua wanasema alikuwa amesinzia. Msafara ukaondoka na vumbi lake, ua likabaki.

Likabaki kwelikweli! Mvua ya kwanza likavuka mtaro. Mvua ya pili likaingia uwanja wa shule, likapanda ukuta wa kituo cha polisi, likachungulia mahabusu. Lilikuwa na kijiua cha zambarau, kizuri, hilo hatukatai, na chini yake mzizi ulioshika udongo kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake siku ya kwanza ya shule. Palipoota ua hilo hapakuota kitu kingine. Mbuzi walilinusa, wakageuza shingo. Na lilipofika bonde la Mto Nyamvi, aliyeliona wa kwanza alikuwa Bi. Sikudhani.

Huyu Bi. Sikudhani alikuwa mjane wa mtaa wa Bondeni, mwanamke mwembamba wa mwili na mnene wa sauti. Bustani yake ya bondeni aliachiwa na mama yake, aliyeifyeka wakati pale ni matete na mamba tu. Mchicha, bilinganya na magimbi ya bustani ile ndiyo yaliyomlea, yakamsomeshea watoto, yakamwozeshea mabinti, na bado yalikuwa yanamtia chakula chunguni. Kitu kingine hakuwa nacho duniani, na hilo alilisema waziwazi kwa yeyote aliyetaka kumkopa. Karibu kila nyumba ya Bondeni ilikuwa na kipande chake pale, jirani na cha Bi. Sikudhani.

Akaling'oa lile ua. Wiki iliyofuata wakaja ndugu za lile ua, na wiki iliyofuata ukoo mzima. Bi. Sikudhani akajifunga khanga, akaenda Manispaa.

"Mwanangu," alimwambia afisa aliyekuwa dirishani, "kuna gugu bondeni kwetu."

"Gugu gani, mama?"

"Hilo la zambarau la barabarani."

Afisa akaweka kikombe chini. "Lile nani kalipanda?"

"Si nyinyi?"

"Basi siyo gugu. Serikali haipandi magugu."

"Sasa ni nini hilo linalomeza magimbi yangu?"

Afisa alikwenda kuuliza ofisi ya ndani, akarudi na jibu kamili. "Ule ni mmea uliojitolea kupita matarajio. Na usije ukaung'oa, mama. Kuharibu pambo la serikali ni kosa."

Hakuwa anatania. Fundi baiskeli mmoja aliyeling'oa mlangoni kwake alipelekwa mpaka kwenye mzunguko wa barabara, akaamriwa kuliomba ua radhi mbele ya mashahidi, kwa sauti, akiwa amevua kofia. Tangu siku hiyo watu wakawa wanapita kando yake kwa adabu, wengine hata wakaanza kulisalimia.

*

Sasa hapa lazima tuwaeleze wageni jambo moja, maana wenyeji wanalijua. Watu wa Bondeni na watu wa Kilimani ni watani tangu enzi za mababu. Mtu wa Kilimani akikukuta sokoni atakuita mchawi mbele ya wakwe zako, nawe utacheka na kumwuliza kama leo amekula au bado anasubiri Bondeni wapike. Mtani ataingia bandani kwako, atamchukua jogoo, atakuaga kwa jina, na ukimshitaki wewe ndiwe utakayechekwa. Lakini pia siri isiyosemeka kwa ndugu husemeka kwa mtani. Ndugu ana urithi wa kugombea na wewe, mtani hana.

Mtani wa Bi. Sikudhani alikuwa Zuberi Ngalapa wa Kilimani, muuza bati, mwanamume wa tumbo la heshima na kicheko kinachofika kabla yake. Zuberi hakuwahi kupiga hodi kwa Bi. Sikudhani maisha yake yote. Aliingia jikoni moja kwa moja, akafunua chungu.

"Mtani, leo umepika au umechemsha maji ya kuoshea miguu?"

"Funika chungu changu, pua hiyo itadondokea humo tukose mboga."

Akafunika, akaketi, akala. Alipoona Bi. Sikudhani hacheki sana, akauliza kulikoni, naye akamweleza habari ya bonde. Zuberi akaacha kutafuna. "Mtani," akasema, "mimi nagombea udiwani. Nikipata, hilo bonde nitalisemea mimi."

Basi Bi. Sikudhani akazunguka Bondeni nyumba kwa nyumba kumwombea kura. Watu walinung'unika kwamba mtu wa Kilimani atawafaa nini. "Hebu nitajieni ndugu yenu mmoja aliyewafaa," aliwajibu. Kura zote za Bondeni zikamwangukia Zuberi. Akawa Mheshimiwa Diwani, akanunua suti ya kijivu, na bado jikoni hakupiga hodi.

*

Halafu wakaja wahisani.

Walitoka mbali, walivaa kofia pana, na walikuwa na fungu kubwa la kupambana na magugu vamizi katika nchi yoyote itakayokiri kuwa nayo. Asubuhi Chanikiwiti haikuwa na gugu hata moja. Saa ya chakula cha mchana ilikuwa imezingirwa. Ua la Mapokezi likavuliwa jina, likaitwa Adui wa Taifa Namba Moja, na Mstahiki Meya akahutubia pale pale kwenye mzunguko, akiwa amelikanyaga kwa mguu mmoja.

"Ndugu wananchi! Nasimama hapa nikiwa nimesimama! Adui huyu hakualikwa! Adui huyu hana kwao! Tutachunguza alikotoka, na tukimpata aliyemleta, wallahi, hatutamwacha!"

Watu wakatazama vidole vya miguu yao. Yule fundi baiskeli alikohoa kidogo, kisha akaona bora asiendelee.

Ikaundwa Idara ya Mapambano. Ikawa na Kitengo cha Maua, Kitengo cha Majani na Kitengo cha Mizizi, kila kimoja na mkuu wake, gari lake na pazia lake. Afisa wa Majani akikuta mzizi, aliruhusiwa kuutazama tu mpaka wa Mizizi afike, na wa Mizizi siku zote alikuwa semina. Semina zilifanyika hotelini, maana huko ndiko kulikokuwa na utulivu wa kulifikiria gugu. Mji ukachangamka. Kukawa na kwaya ya gugu, ngonjera za gugu, na mpira wa Kombe la Gugu, uliositishwa baada ya gugu kufunika goli moja. Mwisho kukawa na Malkia wa Gugu, msichana mrembo aliyevishwa taji la maua yenyewe, akazungushwa mjini juu ya lori huku mbegu zikidondoka mtaa kwa mtaa. Baada ya mvua ungeweza kufuata njia aliyopita Malkia bila kuuliza mtu.

Katika haya yote, jambo lililomshtua Bi. Sikudhani lilikuwa amri moja fupi: ardhi yoyote yenye gugu ni uwanja wa mapambano, na uwanja wa mapambano ni mali ya Idara. Bonde zima lilikuwa la zambarau. Alikwenda Kilimani mwenyewe, akaingia kwa Zuberi bila hodi, akamkuta anakunywa chai na mama yake, Bi. Nuru, bibi wa Kilimani aliyekuwa anamwita Sikudhani "mke mwenzangu" na kumsingizia kila mara kwamba amemwibia kijiko.

"Mtani, bonde linakwenda," akasema Bi. Sikudhani. Sauti ilimkatika, kitu ambacho Zuberi hakuwahi kukisikia kwake.

"Haliendi popote," akasema Zuberi. "Kesho kutwa wakusanye watu."

Siku hiyo alikuja bondeni na suti yake, akasimama juu ya tuta, watu wazima wote wa Bondeni wakimsikiliza. "Watani zangu, wavivu wakubwa nyinyi! Ling'oeni gugu lote hili, bonde libaki jeupe. Likiwa jeupe, Idara haina chake hapa. Hati za bonde hili nitawaletea mimi mwenyewe, kwa mkono huu huu unaowaibia kuku!"

Watu walicheka, wakapiga vigelegele. Mmoja tu hakupiga, Mwajabu fundi cherehani, aliyezoea kudai kipimo kabla ya kukata kitambaa. "Aandike basi," akasema. "Neno zuri, lakini aandike."

Bi. Sikudhani aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Alimvuta Mwajabu pembeni. "We mtoto una wazimu? Umwandikishe mtani, kama mtu wa benki? Unataka watucheke mpaka ng'ambo ya mto?" Na kwa sababu kila mtu pale alijua kwamba mtani haandikishwi, Mwajabu akanyamaza, na Zuberi akashuka tutani akiwa amenyoosha mikono, watu wakampokea.

*

Wakaingia kazini kwa ujima, kama walivyozoea kujengeana nyumba. Kila alfajiri walishuka na majembe, wanaume kwa wanawake. Waliochoka kuinama walipika uji. Waliochoka kupika waliinama. Waling'oa mzizi, wakaufuata mpaka ulikokwenda, wakaukausha juu ya uchanja, wakauchoma. Watani wa Kilimani walikuja kukaa juu ya tuta na kuwakosoa, kisha wakaona haya nao wakashika majembe. Mikono ya Bi. Sikudhani ilipasuka mpaka hakuweza kusonga ugali, na bado ndiye aliyekuwa anaimbisha.

Bonde likawa jeupe. Na watu, maadamu walishaanza, hawakuweza kuacha: wakasafisha na shule, na soko, na kando ya barabara yote. Mvua iliponyesha, mchicha ukachomoza. Bi. Sikudhani alikaa kwenye tuta lake, akalia kwa furaha, akacheka, akajifuta kwa upindo wa khanga, akarudi kulia.

Huko Idarani lakini hapakuwa na furaha. Msiba ungekuwa nafuu. Simu ilikuwa imetoka ng'ambo kwamba wahisani wanakuja kuliona gugu ili waongeze fungu, na gugu la kuwaonyesha halikuwepo. Wakuu wa vitengo walitumwa na magari yao kila upande. Wa Majani akarudi na jani moja, nalo lilikuwa la mpera. Mkuu wa Mizizi alilia kikaoni. Mstahiki Meya alipiga meza. "Huu ni uhujumu! Tumelipigania gugu hili kwa nguvu zetu zote, leo watu wanalimaliza bila hata kutushirikisha?"

Haya aliyasimulia baadaye mhudumu wa chai, aliyekuwamo kikaoni bila kuonekana, kama kawaida ya wahudumu wa chai. Na akasema kwamba aliyesimama na kutoa ushauri alikuwa Mheshimiwa Zuberi. Alisema mashina machache, ya kutosha kukatwa miche, yamebaki kwenye vyungu vya maua vya nyumbani kwa Mstahiki Meya. Alisema pia kwamba lipo bonde moja lenye udongo mwororo, uliokwisha kulimwa vizuri.

*

Zuberi akaenda kwa Bi. Sikudhani, akafunua chungu. "Mtani, mmeshinda! Jumamosi Bondeni yote iende uwanja wa mpira, mkavishwe nishani. Asibaki mtu, hata wagonjwa. Na hati mtapewa huko huko, mbele ya watu."

Basi wakaenda wote. Bi. Sikudhani alivaa gauni alilovaa siku alipomwozesha binti yake wa mwisho. Wazee walibebwa kwenye mikokoteni. Hotuba zikaanza asubuhi. Mstahiki Meya alihutubia, naibu wake akahutubia juu ya hotuba ya Mstahiki Meya, wakuu wa vitengo wakahutubia kila mmoja kuhusu sehemu yake ya mmea. Kila mtu wa Bondeni akavishwa nishani ya bati, aliyoitengeneza Zuberi mwenyewe dukani kwake. Ngoma ikapigwa. Zuberi akashuka jukwaani, akamshika mkono Bi. Sikudhani, wakacheza, akamnong'oneza, "Unacheza kama bata aliyeungua," naye akacheka mpaka akashika mbavu. Alipouliza habari ya hati, Zuberi akasema zinakuja, acheze kwanza.

Waliporudi, jua likiwa bado halijazama, walikuta ua wa seng'enge umezunguka bonde lote. Ndani ya ua, mchicha umelimwa ukafukiwa. Magimbi yalikuwa yamerundikwa pembeni kama takataka, mizizi juu. Na mahali pake, kwa mistari iliyonyooka, kila mche umewekewa kijiti cha kuuegemeza na kivuli cha kuti, kulikuwa na gugu. Limetiwa samadi. Vijana wa Idara walikuwa wanalimwagilia, lile lisilohitaji maji. Kwenye lango kibao kilisomeka: HIFADHI YA TAIFA YA GUGU. USING'OE.

Mzee mmoja kwenye mkokoteni aliuliza mbona wamesimama. Bi. Sikudhani alishika seng'enge kwa mikono yake iliyopasuka, akatazama mahali tuta lake lilipokuwa, nishani ikining'inia kifuani.

"Zuberi hajui," akasema. "Hii wamemficha. Zuberi akijua patachimbika."

Mwajabu akamshika bega.

*

Shauri likapelekwa mbele ya Kamati ya Malalamiko, Maoni na Pongezi, mwenyekiti wake akiwa Mstahiki Meya, maana mwingine mwenye joho hakupatikana. Bi. Sikudhani alisimama akaeleza kwa ile sauti yake yote: tuta, suti, maneno yaliyosemwa, watu waliosikia. Bondeni nzima ilikuwa ukumbini ikiitikia. Kila alipotaja jina la Zuberi alimgeukia aliko, meza kuu, akisubiri ainuke amkomboe.

"Mheshimiwa Zuberi," akasema Mstahiki Meya, "maneno haya uliyasema?"

Zuberi akainuka, akafunga kifungo cha suti. Akatabasamu lile tabasamu la jikoni. "Niliyasema, Mstahiki. Siwezi kuwakana watu wazima. Lakini hawa ni watani zangu. Tangu lini mtani akashikiwa neno? Nilikuwa nawatania."

Watu walianza kucheka kwa mazoea, maana mtani akitaja utani hucheka kila mtu. Kisha kicheko kikakwama, kimoja kimoja.

Bi. Sikudhani alijisikia kama aliyevuliwa nguo sokoni. Angeibiwa na Idara, sawa. Hiyo ni Idara, angekwenda nyumbani akailaani na kulala. Lakini huyu alikuwa amekula chungu chake, amejua wapi pa kumshika, na amemshika pale pale. Tena yeye mwenyewe ndiye aliyemziba mdomo Mwajabu. Alitamani Zuberi angekana tu, aseme hakusema neno, awe mwongo kama waongo wengine.

Kamati ikaamua kwamba kwa kuwa mila ni nguzo ya taifa, na kwa kuwa utani ni mila, lalamiko ni utani na linatupwa. Mstahiki Meya akaongeza kwamba serikali imefurahishwa sana na ucheshi wa wananchi wa Bondeni.

Wahisani wakaja, wakavua zile kofia pana mbele ya Hifadhi, wakasema hali ni mbaya kuliko walivyosoma. Fungu likaongezwa. Zuberi akapanda ngazi, akawa Naibu Waziri wa Magugu, Maua na Mambo Yanayofanana na Hayo. Idara ikatangaza nafasi za kumwagilia gugu, wenyeji wapewe kipaumbele, na baadhi ya watu wa Bondeni wakaenda, kwa sababu njaa haina aibu. Bi. Sikudhani hakuwalaumu. Yeye alianza kukaanga mihogo kando ya barabara, na mihogo yenyewe aliinunua. Zuberi alipita na gari lake mara moja, akashusha kioo na kumpigia kelele, "Mtani, hiyo ni mihogo au kuni?" Bi. Sikudhani akageuza muhogo uliokuwa kwenye mafuta, asiinue macho. Kioo kikapanda.

*

Mwaka ule ule Bi. Nuru, mama yake Zuberi, akafariki.

Mtu wa Kilimani akifa, Bondeni ndio wanaochimba kaburi, wanaochota maji na kuosha vyombo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Safari hii watu wa Bondeni walikusanyika kwa Bi. Sikudhani, wengi wakisema hawaendi ng'o, mawaziri wakachimbe wenyewe.

"Marehemu hakupanda gugu," akasema Bi. Sikudhani. Macho yake yalikuwa mekundu; yule bibi alimpenda kweli. "Tutaenda, na tutafanya kazi yetu yote. Mengine kila mtu anajua."

Kilimani walikuwa wamejiandaa kama kawaida. Kuku walikuwa wamefichwa chini ya vitanda, maana watani msibani hawaachi kitu. Wajukuu walikaa tayari kumwona mtani atakayevaa nguo za marehemu na kuuiga mwendo wake, mpaka waliolia wacheke. Zuberi alikuwa na fedha mkononi za kukombolea jeneza, kwa sababu wanawake wa Bondeni lazima waufunge mlango, wadai kwamba maiti ana kijiko chao, na jeneza lisipite mpaka walipwe. Wakubwa wa mji walikuwa wamekaa kwenye viti vya mbele, wengine wamekuja hasa kwa ajili ya kuona hayo.

Watu wa Bondeni wakaingia uani. Wakatoa pole, mmoja mmoja, kwa sauti za chini. Wanaume wakaenda makaburini, wakachimba kaburi zuri, lenye kuta zilizonyooka, asilale mtu ndani yake kwa utani wala kuficha jembe. Wanawake wakachota maji, wakasugua masufuria. Chombo hakikupotea. Kuku mmoja alitoroka chini ya kitanda, akakatiza uani mbele yao, wakampisha.

Jeneza lilipotolewa, waliolibeba walipunguza mwendo mlangoni. Zuberi akasimama, mkono wenye fedha umetangulia. Mlango ulikuwa wazi. Wanawake wa Bondeni walikuwa wamejipanga pembeni, vichwa chini, kama wapangaji wapya. Jeneza likasubiri. Watu wa Kilimani wakatazamana. Mwisho mtu mmoja akasema, "Twendeni basi," na Bi. Nuru akatoka nyumbani kwake bila kuzuiwa na mtu.

Baada ya maziko Zuberi alimfuata Bi. Sikudhani kwenye vyombo. Kwa mara ya kwanza alisimama mbali kidogo, kama anayetafuta pa kupiga hodi.

"Mtani," akasema. "Hata neno moja? Mama yangu anazikwa kama mgeni?"

Bi. Sikudhani alikuwa anakausha sinia.

"Nitukane basi. Niite mwizi, watu wasikie. Mtani, nakuomba."

Maneno yalikuwapo, mengi, yalimjia mpaka mdomoni, mengine ya kuchekesha kabisa. Bi. Sikudhani akaweka sinia chini. Akafuta mikono kwa khanga, akampa yote miwili, akapiga goti kidogo kama inavyopasa mbele ya mkubwa wa serikali.

"Pole sana kwa msiba, Mheshimiwa," akasema. "Mungu awape subira."

Kisha akawaita watu wake, wakachukua majembe, wakashuka Bondeni. Zuberi akabaki katikati ya ua, fedha zile bado mkononi. Shangazi yake, aliyekuwa amekaa mkekani akitazama yote, akainuka kwa shida, akamjia.

"Zuberi," akamwuliza, "umewafanya nini watu hawa?"